Mouna Ragam (1986): mke anaomba talaka iwe zawadi ya harusi. Uzi wa wanaozijua filamu za Kitamil

#1 SinemaBubu

Wakuu, humu kuna nyuzi tele za "filamu za Kihindi", na ukizikagua, nusu ya filamu zinazotajwa si za Kihindi. Kitamil ni lugha ya ukoo mwingine kabisa, ina mwandiko wake, na studio zake zilikulia Kodambakkam, mtaa wa Chennai, mbali sana na Mumbai. Uzi huu ni wa filamu moja tu ya Kitamil: Mouna Ragam, iliyotoka Agosti 1986, ikaandikwa na kuongozwa na Mani Ratnam. Ambaye hajaiona aione kwanza, maana hapa tunamwaga mchele wote.

Mifupa yake ni hii. Divya (Revathi) ni binti wa chuo, Madras (jina la zamani la Chennai). Siku wageni wanapokuja kumtazama, anachelewa kurudi kwa makusudi, anacheza mvuani na wenzake, akijua watachoka waondoke. Anarudi kalowa, anamkuta Chandrakumar (Mohan) bado amekaa. Anazungumza naye faragha, anamtajia kasoro zake moja moja ili amkatae. Jamaa anasema amempenda zaidi kwa ukweli huo. Nyumbani shinikizo linapanda, baba anapatwa na maradhi ya moyo, Divya anakubali. Wanaoana, wanahamia Delhi. Mume anamtoa wakanunue zawadi, anamuuliza anataka nini. Jibu: talaka.

Ninachotaka tukijadili ni mpangilio. Mpaka hapo mtazamaji hajaambiwa kwa nini Divya hataki kuolewa. Anamwona mume mstaarabu, mpole, anayevumilia. Anamwona mke anayemwambia kwamba akimgusa anahisi kama kiwavi chenye manyoya kinamtambaa mwilini. Umeshamhukumu. Ndipo Divya anafungua kumbukumbu ya Manohar (Karthik): kijana mtukutu aliyempenda, wakakubaliana kuoana ofisi ya msajili, akakamatwa na polisi, akawakimbia ili aiwahi ndoa yake, risasi ikampata, akafia mbele ya bibi harusi.

Sasa jaribu kuipanga hadithi hiyohiyo kwa mfuatano wa miaka. Manohar mwanzo, kifo, kisha posa. Unapata filamu nyingine kabisa: mtazamaji anaingia Delhi akiwa na matanga, mume hana nafasi hata awe malaika. Kwa kuchelewesha kumbukumbu, mwandishi anampa mume muda wa kupendwa na mtazamaji kabla mpinzani wake hajatokea. Na mpinzani mwenyewe ni marehemu, hawezi kushindwa wala kurudi. Wanaojifunza kuandika skripti, hiyo ndiyo sehemu ya kuitazama mara mbili.

#2 Jeuri wa Tandika

Mkuu umepamba vizuri, lakini mimi naomba kupinga mapema. Toa muziki, toa mvua, kinachobaki ni hiki: binti kakataa, wazazi wakamlazimisha, mwisho wa filamu anampenda aliyelazimishwa kuolewa naye. Yaani wazazi walikuwa sahihi. Na hayo maradhi ya moyo ya baba ndiyo silaha chovu kuliko zote. Inageuza swali. Ilikuwa "unataka au hutaki", ghafla ni "unataka kumuua baba yako?" Hakuna binti anayejibu swali la pili kwa "ndiyo".

#3 BintiMrima

Jeuri, kwenye maradhi ya moyo niko na wewe. Kwenye mwisho siko. Ila kabla ya mwisho tuweke mila sawa, kwa sababu watu wengi wanakosa nusu ya zile dakika za mwanzo.

Kile kikao kinaitwa pen paarthal, kumtazama binti. Upande wa mume unakuja nyumbani kwa kina binti. Binti amevaa sari, maua ya asumini kwenye nywele, anatoka na trei ya kahawa ya maziwa. Vitafunio vya kawaida ni bajji, vipande vya ndizi mbichi au mboga vilivyochovywa katika unga wa dengu na kukaangwa, pamoja na kesari, ile semolina tamu ya samli yenye rangi ya machungwa. Kwa familia nyingi anaweza kuombwa aimbe. Kwa hiyo Divya anapoingia amechelewa na amelowa chapachapa, kakosea kila kipengele kwa pamoja, na kila mtazamaji wa Kitamil anavihesabu kimoyomoyo.

Kabla ya kikao hicho huwa nyota zimeshalinganishwa. Mnajimu hupima mambo kumi, yanaitwa porutham, na lenye uzito kuliko yote kwa wengi ni rajju, linalohusishwa na uhai wa mume. Ndiyo maana mchumba akishafika sebuleni, kazi kubwa imekwisha. Binti kukataa hapo ni kuvunja jambo ambalo familia mbili zimeshalihesabu limetimia.

Na msomaji wa Kiswahili asichanganye mahari. Huku kwetu mume ndiye anayetoa. Kule mzigo unaelekea upande wa pili, familia ya binti inampa bwana harusi na wazazi wake. Sheria imekataza tangu 1961, desturi haijasikia. Baba mwenye mabinti akipata mchumba asiye na madai, mwenye kazi nzuri Delhi, anaona mlango umefunguka ambao hautafunguka tena. Hiyo ndiyo hofu ya mzee Chandramouli, baba wa Divya. Haimpi haki, ila inaeleza kwa nini hasikii.

#4 Mgeni2

Swali la haraka: kwa nini asitoroke tu arudi kwao?

#5 BintiMrima

Arudi kwa nani? Waliomwozesha ndio haohao. Akirudi peke yake bila karatasi, ni mke aliyemwacha mume. Kutoka Delhi mpaka Madras ni zaidi ya kilomita 2,000 za reli, na Delhi hata lugha haijui. Watu wanazungumza Kihindi, yeye ana Kitamil. Mtu pekee ndani ya jiji anayeweza kuzungumza naye kwa lugha yake muda wote ni yuleyule anayemkimbia. Mwandishi amemfunga vizuri.

#6 WakiliMtoro

Nyongeza ya kisheria, kwa sababu filamu nzima imesimama juu ya kifungu kimoja na wachambuzi wengi wanakipita.

Wanakwenda kwa mwanasheria, wanaambiwa hawawezi kuachana sasa hivi, wasubiri mwaka. Hilo halikubuniwa ili hadithi irefuke. Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya 1955, kifungu cha 14, inazuia kupeleka maombi ya talaka kabla ndoa haijatimiza mwaka mmoja, isipokuwa pale penye mateso makubwa ya kipekee. Zamani ilikuwa miaka mitatu. Marekebisho ya 1976 yakapunguza. Marekebisho hayohayo ndiyo yaliyoingiza kifungu cha 13B, talaka ya makubaliano ya pande zote mbili. Kwa hiyo mwaka 1986 filamu inazungumzia njia ambayo wazazi wa Divya wala hawakuwa nayo walipooana.

Utaratibu wa 13B ni huu. Wawe wameishi mbalimbali kwa mwaka au zaidi. Wapeleke ombi la pamoja. Kisha wasubiri si chini ya miezi 6 na si zaidi ya 18, warudi tena mbele ya hakimu wathibitishe kwamba bado wanataka. Mmoja akibadili nia kabla ya hukumu, ombi linakufa. Tangu 2017 Mahakama ya Juu imeruhusu mahakama kuisamehe ile miezi 6 pale ndoa isipokuwa na tumaini tena.

Mtu atauliza: wanaishi nyumba moja, hiyo ni "mbalimbali"? Mahakama ya Juu ilijibu mwaka 1991: maana yake ni kutoishi kama mume na mke, hata kama paa ni moja. Miaka mitano baada ya filamu! Chandrakumar na Divya, kila mtu na kona yake, wametimiza sharti hilo barabara.

Filamu inapokosea ni kwenye karatasi za mwisho. Mwishoni, stesheni ya treni, mume anamkabidhi Divya nyaraka kana kwamba zenyewe ndizo talaka. Kisheria karatasi mkononi si kitu mpaka hakimu atamke. Na Divya anapozichana hajafuta chochote, kama ingekuwa kesi ya kweli nakala zingekuwa mahakamani. Lakini huwezi kumwambia mwongoza filamu kwamba badala ya treni aweke masijala.

#7 Jeuri wa Tandika

Wakili, na ile ndoa ya Manohar? Wangeweza kwenda asubuhi wakaoana mchana?

#8 WakiliMtoro

Inategemea mlango. Sheria ya Ndoa Maalumu ya 1954, ambayo ndiyo ya msajili, inataka notisi ya siku 30, mmoja wao awe amekaa wilaya hiyo siku zisizopungua 30, na siku ya kufunga wawepo mashahidi watatu. Notisi inabandikwa ofisini, mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi. Wapenzi wengi wanaooana bila ridhaa ya kwao wanakwamia hapo: notisi inasomwa na mjomba wa fulani, habari inafika nyumbani kabla ya siku 30.

Tamil Nadu wana mlango mwingine ambao majimbo mengi ya India hayana. Mwaka 1967 serikali ya C. N. Annadurai iliongeza kifungu 7A kwenye Sheria ya Ndoa ya Wahindu: ndoa bila kuhani wala moto mtakatifu. Wawili wanatamka kwamba wanachukuana, mbele ya ndugu, marafiki au watu wengine, wanavishana shada la maua au pete, au mume anamfunga mke thali, uzi wa ndoa wa shingoni. Imetosha. Ndiyo maana kwenye filamu nyingi za Kitamil utaona marafiki wanne wanabeba mashada mawili na mambo yanaisha kabla chai haijapoa. Ni sheria, si uvivu wa mwandishi.

#9 Kinanda

Mmeacha muziki mpaka ukurasa umejaa. Mtunzi Ilaiyaraaja, maneno ya Vaali. Nyimbo tano. Sikilizeni nne kati yake zimegawiwa nani.

Oho Megam Vandhadho, sauti ya S. Janaki, ni ya Divya kwenye mvua, kabla ya posa. Chinna Chinna Vanna Kuyil, Janaki tena, ni ya Divya huyohuyo sehemu ya pili, anapogundua kwamba moyo umeshageuka. Wimbo mmoja wa binti asiyetaka kuolewa, mmoja wa mke aliyependa. Nilaave Vaa na Mandram Vandha, zote S. P. Balasubrahmanyam, ni za mume. Mtu huyu haongei sana nyumbani. Malalamiko yake yote yamewekwa kwenye nyimbo hizo mbili.

Na Manohar? Hana wimbo hata mmoja. Mpenzi wa ujana, filamu ya Kitamil, miaka ya 80, hana wimbo! Ilaiyaraaja kampa muziki wa nyuma tu, mdundo mwepesi unaokimbia naye. Mwongozaji mwingine angempa nyimbo mbili za bustanini. Matokeo yake Manohar anabaki kama upepo: dakika chache, vicheko, kelele, kisha hayupo. Ukimpa wimbo, watu wataondoka ukumbini wakiuimba, na mume ameshindwa.

Jambo jingine: sauti ya maongezi ya Mohan si yake. Imeingizwa na S. N. Surendar, ambaye ndiye aliyempa Mohan sauti kwenye filamu nyingi. (Ni mjomba wa Vijay, yule nyota.) Kwa hiyo Chandrakumar ana mwili wa Mohan, maneno ya Surendar na nyimbo za Balasubrahmanyam. Watu watatu wanatengeneza mume mmoja mkimya.

Wapenzi wa filamu za Kihindi mliowahi kuona Cheeni Kum ya 2007, ule wimbo wenye jina la filamu ni Mandram Vandha. Mtunzi ni Ilaiyaraaja mwenyewe, amerudi kuchukua mali yake.

#10 TaaMbovu

Mpiga picha ni P. C. Sreeram, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza na Mani Ratnam. Mwaka uliofuata wakafanya Nayakan, kisha Agni Natchathiram 1988, na wakaendelea hadi O Kadhal Kanmani 2015.

Cha kutazama: mwanga unatoka mahali. Filamu nyingi za kipindi hicho zilimulika seti nzima sawasawa, uso wa kila mtu unang'aa hata saa sita za usiku. Sreeram anaacha dirisha liwe dirisha na taa iwe taa. Mwanga unakuja kwa nyuma ya mtu, uso unabaki nusu gizani, na nyumba ya Delhi inakuwa na kona ambazo mke na mume wanaweza kukwepana bila kujificha. Sanaa ya seti ni ya Thota Tharani, na wahariri ni B. Lenin na V. T. Vijayan.

Hapo ndipo nakala mbovu zinapoharibu. Ukiangalia faili lililobanwa sana, vivuli vyote vinakuwa doa jeusi, huoni macho ya Revathi, na eneo lote la usiku linaonekana kama kosa la kiufundi. Usiongeze mwangaza wa skrini. Utaona vumbi na chenga tu, uso hautarudi. Tafuta nakala safi, zima taa ya chumbani.

#11 BintiMrima

Nirudi kwa Jeuri na mwisho wa filamu, na nipitie kwenye vikuku.

Siku ya ile zawadi, mume ananunua vikuku vya fedha vya miguuni, kolusu. Fedha, kwa sababu dhahabu ni ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, na kwa desturi haivaliwi chini ya kiuno. Havina uzito wa kidini kama thali, ule uzi unaofungwa shingoni mafundo matatu huku ngoma za thavil zikipigwa kwa nguvu, wala kama metti, pete za fedha za vidole vya miguu ambazo mume humvisha mke mguu ukiwa juu ya jiwe la kusagia. Thali na metti alivishwa Divya kwenye sherehe, hakuulizwa. Kolusu ni pambo, mwanamke huvaa akitaka. Na zina njuga ndogo, mvaaji hatembei kimyakimya.

Sasa, mume anapigwa na wafanyakazi katika mgogoro wa kazini, Divya anamuuguza, anageuka. Anavaa zile kolusu. Ndani ya nyumba ya watu wasiosemezana, hiyo ni barua. Na mume, aliyekwisha kujifunga moyo asiumie tena, anajifanya haoni. Zamu ya kukataliwa imehamia kwa Divya. Mume anamkatia tiketi ya kurudi Madras.

Ndiyo sababu sikubali kwamba wazazi wameshinda. Linganisha na Antha 7 Naatkal ya K. Bhagyaraj, 1981: mume daktari anataka kumrudisha mkewe kwa mpenzi wake wa zamani, na kinachoamua mwisho ni thali. Haifunguliki, basi. Miaka mitano baadaye Divya ana mlango wazi, karatasi mkononi, treni inaondoka. Thali haimzuii, mume hamzuii, baba hayupo. Anazichana kwa mkono wake, na mume ndiye anayelazimika kukimbilia treni.

#12 Jeuri wa Tandika

Mlango wazi baada ya mwaka wa kukaa naye peke yake katika mji asioujua lugha. Dada, hata mfungwa humzoea askari. Lakini la vikuku nakupa, sikuwa nimelitazama hivyo.

Bado nashikilia: filamu imechagua mume mzuri. Mwenye subira, haguswi na hasira, analala mbali. Ingekuwa mume wa kawaida tu, anayepandisha sauti, hoja yote inaanguka.

#13 SinemaBubu

Hilo ni kweli, na waigaji wengi wameanguka hapohapo kwa upande wa pili. Wanaona mume mzuri, wanaongeza sukari. Raja Rani ya Atlee, 2013, inafananishwa sana na hii. Humo mke na mume wote wana mpenzi wa zamani. Mizani inakaa sawa, na kwa maoni yangu ndiyo inayoipunguzia makali, kwa sababu hakuna tena anayemdai mwenzake. Kwenye Mouna Ragam Chandrakumar hana siri yoyote. Hana cha kujitetea nacho. Anachoweza ni kusubiri au kukasirika, na anapokasirika mwishoni unamwelewa.

Ilipata tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kitamil, na Kihindi wakaifanya upya kama Kasak, 1992. Anayetaka kupima athari ya Karthik kwenye ile sehemu fupi aulize Mtamil yeyote maana ya "Mr. Chandramouli". Manohar anamwita baba wa Divya hivyo mgahawani, kwa sauti, binti akiwa pembeni anatamani ardhi impasukie. Mwaka 2018 ikatoka filamu nzima yenye jina hilo, Karthik akiigiza na mwanawe.

#14 Mgeni2

Wakuu, nikimaliza hii niende wapi? Na nachaguaje nakala?

#15 SinemaBubu

Alaipayuthey, 2000, mwongozaji yuleyule, mpiga picha yuleyule, muziki wa A. R. Rahman. Wawili wanaoana kwa siri, kila mmoja anarudi kulala kwao. Tatizo linaanza wanapohamia pamoja. Ukiwa umeona Saathiya ya Kihindi, 2002, ujue hiyo ndiyo mama yake. Kisha Vinnaithaandi Varuvaayaa ya Gautham Menon, 2010, kijana Mhindu na binti Mkristo wa Kerala. Hapo chunga: toleo la Kitelugu lilipigwa sambamba na lina mwisho tofauti, kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha na wote wakawa sahihi.

#16 Kinanda

Kuhusu nakala, kabla hujakaa nayo ruka mpaka Nilaave Vaa uone kama maandishi ya chini yanaendelea wimbo ukianza. Nyingi zinakatika hapo, mtafsiri ameona ni wimbo tu akapumzika. Kwa filamu nyingine hupotezi kitu. Kwa hii utakuwa umemnyamazisha mume, kwa hiyo nakala kama hiyo iache, tafuta nyingine.